ZAWADI YA KAMPUNI NA RAMANI YA WOTE
Kufundisha Maana ya Mali ya Pamoja kwa Njia ya Ramani

Utangulizi

Kila mara wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, huwaomba watusimulie waliyoyakuta madarasani. Safari moja mwanachuo alitueleza habari ya ramani ya wilaya iliyotundikwa katika Darasa la Sita. Ilikuwa ramani nzuri ya rangi, zawadi ya kampuni moja ya biashara. Jina la kampuni lilichapwa kwa herufi kubwa kuliko jina la wilaya yenyewe, na kila duka la wakala wake lilitiwa alama nyekundu. Zahanati ambayo watoto huipita kila asubuhi haikuwamo, wala kivuko cha mto. Mwalimu wa darasa alitaka kuinakili ramani hiyo ili aongeze yaliyokosekana, lakini chini yake paliandikwa kuwa ni marufuku kuinakili. Mwanachuo akatuuliza: je, shule ilikosea kuipokea?

Swali hilo si dogo, wala halijibiki kwa neno moja. Shule zetu hupokea misaada, na hapana ubaya katika kupokea. Lakini mwalimu asiyejua kupima zawadi hawezi kuwafundisha watoto kuipima. Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa mfano ambao huenda ukaonekana uko mbali na ubao wetu: programu huria za kuchorea ramani, na makampuni ya biashara yanayoingia katika wakfu zinazozitunza. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu watu waliohusika waliyajadili mambo haya hadharani, wakakosea, wakajirekebisha, na kanuni zao zikaandikwa. Mwishoni tutatoa andalio la somo ambalo mwanachuo aweza kulitumia.

Maneno ya kueleweka kwanza

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno matatu.

(a) Programu huria. Programu ya ramani ni maagizo yanayoiwezesha kompyuta kutunza vipimo vya mahali na kuvichora. Programu huitwa huria ikiwa maandishi yake ya asili yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuisoma, kuibadili na kumpa mwenziwe. Mfano wa kuwapa watoto ni andazi. Anayenunua andazi hupata andazi moja na kulila. Anayefundishwa vipimo vya unga, sukari na hamira aweza kupika yake, kuongeza iliki akipenda, na kumfundisha jirani.

(b) Leseni. Haya ni maandishi ya mwenye kazi yanayotaja wengine wana ruhusa gani na wana wajibu gani. Kazi isiyo na leseni, hata ikiwa imeachwa wazi mbele ya watu, si huria.

(c) Wakfu. Watu wa pwani wanalijua neno hili tangu zamani. Mtu huweka shamba au nyumba wakfu, na tangu hapo haiuzwi wala hairithiwi. Manufaa yake huwaendea waliokusudiwa. Katika makala haya, wakfu ni chombo kilichoandikishwa kisheria kwa ajili ya kutunza kazi ya pamoja, ili isije ikawa mali ya mtu mmoja au kampuni moja.

Mfano wa kwanza: mkutano wa Chicago

Katika miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Minnesota kule Marekani kilianza kutengeneza programu iitwayo MapServer, ambayo kazi yake ni kuonyesha ramani kwa njia ya intaneti. Sehemu ya fedha ilitoka NASA, shirika la Marekani la anga za juu. Programu hiyo iliachwa huria, na watu wa nchi nyingi wakaijenga: huyu akisahihisha kosa, yule akiandika maelezo, mwingine akijibu maswali ya wageni.

Wakati huohuo kampuni ya Autodesk, inayojulikana sana kwa programu za michoro ya wahandisi, ilikuwa ikiuza programu yake ya ramani iitwayo MapGuide. Mnamo Novemba 2005 kampuni hiyo ilitangaza jambo kubwa. Ilikuwa imeiandika programu yake upya, na sasa ingeitoa iwe huria. Pamoja na hayo ungeundwa wakfu utakaoitwa kwa jina la MapServer. Programu ya Autodesk ingeitwa MapServer Enterprise, na ile ya zamani ya Minnesota ingeongezewa jina, iitwe MapServer Cheetah.

Msomaji angetazamia shangwe. Shangwe ilikuwako, lakini manung'uniko yalikuwako pia, na mwalimu hana budi kuyaelewa vizuri. Hawakunung'unikia zawadi yenyewe. Walinung'unikia mambo mawili. La kwanza lilikuwa jina. Jina la MapServer lilijengwa kwa jasho la watu wengi kwa miaka, na sasa lingevikwa programu nyingine ambayo haikutokana nayo. La pili lilikuwa namna ya kuamua. Mazungumzo yalifanywa na wachache faraghani, na wengi waliokuwa wakiitegemea na kuijenga programu hiyo walizisikia habari siku zilipotangazwa kwa watu wote. Mwenye nyumba akisikia harusi ya binti yake kwa majirani, hata kama posa ni nzuri, hawezi kufurahi.

Lililofuata ndilo lenye mafunzo zaidi. Wenye kunung'unika hawakuikataa zawadi, wala kampuni haikukasirika na kuiondoa. Walijadiliana. Programu ya Autodesk ikarudishiwa jina lake la asili, ikaitwa MapGuide Open Source. Wazo la wakfu wa programu moja likaachwa, na badala yake ukakusudiwa wakfu mpana wa programu nyingi. Tarehe 4 Februari 2006 wajumbe walikutana Chicago, wakaunda Open Source Geospatial Foundation, ambayo kwa kifupi huitwa OSGeo. Miongoni mwa programu za mwanzo ilikuwamo GRASS, iliyoanzishwa mapema katika miaka ya 1980 na maabara ya utafiti ya wahandisi wa jeshi la Marekani. Ilikuwamo pia GDAL, inayoziwezesha kompyuta kusoma faili za ramani za aina nyingi. Ilianzishwa mwaka 1998 na Frank Warmerdam. Huyo ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa OSGeo.

Autodesk ilitoa programu na ilitoa fedha. Lakini ilipoingia katika wakfu ilikuta kanuni. Wanaopiga kura ya kuchagua bodi ni watu mmoja mmoja, si makampuni. Kila programu huongozwa na kamati yake yenyewe. Programu mpya haipokelewi kabla ya kuchunguzwa: maandishi yake yametoka wapi, leseni yake ni ipi, na je, maamuzi yake hufanywa mbele ya watu? Mfadhili hushukuriwa na jina lake huandikwa, lakini fedha yake hainunui kura.

Twaona basi kwamba jambo la msingi halikuwa kama kampuni ni njema au ni mbaya. Jambo la msingi lilikuwa kanuni zilizoandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa nini kampuni hutoa?

Wanafunzi watauliza swali hili, na mwalimu asiwajibu kuwa ni kwa wema tu, wala asiwajibu kuwa ni kwa hila tu. Sababu kubwa ni hizi.

Kwanza, kampuni hupunguza gharama. Programu ikitunzwa na wengi, hakuna mmoja anayebeba mzigo wote. Pili, kampuni nyingi hazipati faida kwa kuuza programu yenyewe, bali kwa kuuza huduma: kufundisha, kutengeneza, kushauri. Tatu, kampuni hupata wataalamu, kwa kuwa vijana huijua kazi yake kabla hata ya kuajiriwa. Nne, kitu kinachotolewa bure hupunguza nguvu ya mshindani anayekiuza. Sababu hizi zote ni za kibiashara, na hapana aibu ndani yake, mradi zinajulikana.

Lakini liko kosa la upande wa pili, nalo ni kampuni kula bila kuchangia. GDAL tuliyoitaja ilikuja kutumiwa ndani ya bidhaa za makampuni makubwa sana, hali matengenezo yake ya kila siku yalitegemea watu wachache mno. Mwaka 2021 ndipo ulipoanzishwa mpango wa michango, na makampuni kama Microsoft, Amazon na Esri yakaanza kulipia matunzo yake. Kwa hiyo anayesema kampuni zikae mbali kabisa na mali ya pamoja hajafikiri vya kutosha. Kisima kinachotekwa na wote na kufukuliwa na mmoja hukauka.

Mfano wa pili: ramani inayochorwa na umma

OpenStreetMap ni ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na wakfu wake uliandikishwa mwaka 2006. Hapa kinachotunzwa si programu tu, bali ni barabara, mito, majengo na majina. Leseni iliyoanza kutumika mwaka 2012 inamtaka anayeitumia ramani hii awataje waliyoichora, na anayeiboresha na kuitangaza hadharani aitoe kwa masharti yaleyale.

Makampuni yamesaidia kazi hii. Tangu mwaka 2010 Microsoft imewaruhusu wachoraji kuzitumia picha zake za kutoka angani, na mwaka 2019 ilitoa michoro ya majengo karibu milioni 18 ya Tanzania na Uganda, yaliyotambuliwa na kompyuta katika picha za satelaiti. Hiyo ni kazi ambayo mikono ya watu ingeifanya kwa miaka. Lakini kompyuta iliona paa tu. Haikujua kama chini ya paa kuna shule, ghala au msikiti, wala haikujua wenyeji wanapaitaje. Hayo huyajua anayepita pale kwa miguu.

Katika wakfu huu pia makampuni hulipa ada na kushauri, lakini hayapigi kura. Je, kanuni hiyo yatosha? Mnamo Novemba 2018 watu wapatao 100 waliohusiana na kampuni moja walijiandikisha uanachama kwa siku moja, kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Uchaguzi wa bodi ulikuwa mwezi uliofuata. Shaka ikazuka, uchunguzi ukafanywa. Kwa bahati, kanuni ilidai mwanachama awe ametimiza siku 30 ndipo apige kura, nao walikuwa wamechelewa. Tukio hili lafundisha kuwa kanuni iliyoandikwa jana huenda isizibe tundu la kesho. Kuzilinda kanuni ni kazi isiyo na likizo.

Wakfu nyingine zimejengwa kinyume chake. Mnamo Desemba 2022 makampuni manne, yaani Amazon kwa tawi lake la huduma za kompyuta, Meta, Microsoft na TomTom, yaliunda Overture Maps Foundation, ambamo makampuni ndiyo wanachama na ndiyo waongozi. Nayo hutoa data kwa uwazi, na sehemu ya data hiyo imetoka OpenStreetMap. Hatusemi kuwa njia hii ni haramu. Twasema kwamba neno wakfu pekee halimwambii mtu nani anaamua. Budi aulize.

Hapa kwetu

Mwanachuo asidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, waliichora ramani ya kata yao. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita vichochoroni wakichora njia, mifereji na majengo katika kata zinazokumbwa na mafuriko, na kazi yao ikaingizwa katika OpenStreetMap. Mnamo Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, unaoandaliwa chini ya OSGeo, ulifanyika Dar es Salaam.

Kwa mtoto anayevuka bonde la Msimbazi wakati wa masika, ramani yenye mfereji na daraja si pambo la ukutani. Ni jambo la kufika nyumbani salama. Ndiyo maana yatupasa kujali nani anaweza kuisahihisha daraja likisombwa.

Maswali manne ya kuipimia zawadi

Kutokana na mifano hii tunapendekeza maswali manne. Mwanachuo ayaandike katika daftari lake la maandalio.

1. Jina: kazi itaitwa kwa jina la nani, na wenye jina wamekubali?
2. Ruhusa: tutaweza kuinakili, kuisahihisha na kuwapa wengine bila kuomba upya?
3. Kura: nani ataamua kinachoongezwa na kinachofutwa?
4. Kuondoka: mfadhili akiondoka kesho, kazi itabaki na itaendelea?

Ile ramani ya wilaya ilianguka katika swali la pili na la tatu. Haikuwa kosa kuipokea. Kosa lilikuwa kuipokea bila kuuliza, na kuitundika mahali pa ramani ambayo watoto wangeichora wenyewe.

Andalio la somo

Darasa: la Sita. Mada: Ramani ya mtaa wetu. Muda: vipindi viwili vinavyofuatana.

Lengo: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kuonyesha mahali pasipopungua patano katika ramani ya mtaa, (ii) kueleza tofauti ya zawadi na sharti, (iii) kushiriki kutunga kanuni moja ya kuitunza ramani ya darasa.

Zana: karatasi ya manila, kalamu za rangi, kamba yenye fundo kila mita moja, ubao, na vikaratasi vinne vyenye masharti.

Hatua ya kwanza. Siku moja kabla ya somo, vikundi vipime kwa kamba na hatua njia za karibu na shule. Darasani, kila kikundi kichore sehemu yake juu ya karatasi moja ya pamoja. Mwalimu asichore, asahihishe mwelekeo wa kaskazini na kipimio tu.

Hatua ya pili. Mwalimu amteue mwanafunzi mmoja awe mwenye duka. Mwenye duka anajitolea kulipia karatasi kubwa zaidi na rangi za kutosha. Darasa limpigie makofi, kwani zawadi ni ya kweli. Kisha asome masharti yake, moja moja: (a) jina la duka liandikwe pembeni mwa ramani kwa shukrani, (b) duka lichorwe kubwa kuliko zahanati, (c) ramani iitwe kwa jina la duka, (d) darasa jingine lisiinakili.

Hatua ya tatu. Vikundi vijadili kila sharti: likubaliwe, likataliwe au libadilishwe? Kila kikundi kitoe sababu. Mara nyingi sharti (a) hukubaliwa upesi na (d) hukataliwa upesi. Ubishi wa maana huwa katika (b) na (c). Katika darasa moja tulilolishuhudia, msichana mmoja alisema kuwa mgonjwa usiku hatafuti duka, anatafuta zahanati. Ndipo wenzake waliokuwa wakilitetea duka wakanyamaza. Mwalimu asiikatize nafasi kama hiyo kwa kutoa jibu lake.

Hatua ya nne. Mwenye duka ajibu. Aweza kupunguza masharti au kuondoka na rangi zake. Akiondoka, darasa liamue litaendeleaje. Hapo watoto wataonja gharama ya kukataa, ambayo ni sehemu ya somo.

Hatua ya tano. Darasa litunge kanuni zisizozidi tatu, ziandikwe chini ya ramani, na wote watie sahihi, hata mwenye duka.

Tathmini: Mwanafunzi aandike sentensi tano kumweleza ndugu yake aliye nyumbani kwa nini ramani ya darasa ina kanuni.

Makosa ya kuepuka

Mwalimu asimgeuze mwenye duka kuwa mwovu wa mchezo. Watoto wengi ni wana wa wenye maduka, na somo halikusudii kuwafundisha kuchukia biashara. Asiwaachie wanafunzi wepesi watunge kanuni peke yao. Itakuwa ameirudia ile faragha ya mwaka 2005. Tena asiifungie ramani kabatini baada ya somo. Ramani ya wote ikae wazi, na penseli ining'inizwe kando yake.

Hitimisho

Tumeona kuwa kazi ya pamoja yaweza kumpokea mwenye mali bila kumfanya mwenye nyumba. Huhitaji mambo machache tu: jina lililo wazi, ruhusa iliyoandikwa, kura iliyo mikononi mwa watu, na watu walio tayari kuuliza. Hilo la mwisho haliandikiki katika leseni yoyote. Hulelewa, na mahali pa kulilea ni darasani. Mtoto aliyewahi kumwambia mwenye duka, kwa adabu, "Ahsante, lakini zahanati haipungui," amekwisha kujifunza jambo ambalo wakubwa wengi hulijifunza wakiwa wamechelewa.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza kwa nini wajenzi wa MapServer walinung'unika ingawa walipewa zawadi.
2. Taja faida mbili na hatari mbili za kampuni kuchangia kazi ya pamoja.
3. Shule yako imepewa ramani na mfadhili. Tumia maswali manne kuipima, kisha uandike barua fupi ya shukrani yenye ombi moja.
4. Liandae somo hili upya kwa Darasa la Nne. Utapunguza nini, na kwa nini?